Tumbili Namba 766

Nimemsikia mtu ninayemheshimu akiuliza, mbele ya watu walioafiki kwa kutikisa vichwa, kwa nini fedha za umma zitumike kuchunguza virusi vya mbu ambavyo havijamuua mtu yeyote. Swali hilo limeniuma, na tangu siku hiyo namfikiria tumbili namba 766.

Mwezi wa Aprili mwaka 1947, watafiti wa homa ya manjano walikuwa wamewaweka tumbili vizimbani juu ya miti ya msitu wa Zika, karibu na Entebbe nchini Uganda, ili yeyote kati yao akipata homa damu yake ipimwe. Namba 766 alipata homa, lakini kilichotoka katika damu yake, baada ya kupandikizwa katika bongo za panya wa maabara, kilikuwa kirusi ambacho hakuna aliyekijua. Mwaka uliofuata kikapatikana ndani ya mbu wa msitu uleule. George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow wakachapisha habari zake mwaka 1952, ingawa hawakuwa na mlipuko wa kuonyesha wala mgonjwa wa kuombea fedha. Haddow na wenzake, kwa subira ambayo mimi sina, walikesha wakiwanasa mbu saa baada ya saa, kuanzia ardhini hadi kwenye vilele vya miti, mpaka wakajua ni mbu gani anauma wapi na wakati gani.

Kisha Zika, kama kirusi hicho kilivyoitwa kwa jina la msitu, ikahesabiwa kuwa homa nyepesi, na kwa miaka mingi ni wachache waliojali kuifuatilia. Mwaka 2007 ikalipuka katika kisiwa cha Yap, katika Bahari ya Pasifiki, na mwaka 2015 watoto wa Brazili ambao mama zao waliambukizwa wakiwa wajawazito wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo kuliko kawaida. Chikungunya, homa nyingine inayoenezwa na mbu, iliyotambuliwa kwanza katika uwanda wa Makonde, nayo ilipuuzwa vivyo hivyo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wodi isiyo na dawa haiwezi kuambiwa isubiri. Lakini anayepima damu ya tumbili leo anamhudumia mgonjwa ambaye bado hajaugua. Mama aliyejifungua katika mji wa Recife, Brazili, mwaka 2015 alistahili kuonywa mapema kuhusu kirusi hicho na mimba, lakini utafiti wa kumjibu ulishika kasi akiwa tayari amempakata mtoto wake.