Ugonjwa wa aHUS: figo ikitulia, dawa iachwe au iendelee maisha yote?

Huu mjadala wa kuacha dawa ya aHUS, ugonjwa adimu wa damu unaoharibu figo, nadhani wengi wanauchukulia kirahisi mno, pande zote mbili.

Komplimenti ni protini za kwenye damu zinazosaidia kuua bakteria, kila mtu anazo na kila mtu ana breki za kuzizuia, mojawapo inaitwa fakta H. Kwa mwenye aHUS breki zimelegea, mara nyingi ni kasoro ya jeni aliyozaliwa nayo, halafu anaugua homa au anajifungua na hapo komplimenti inageukia kuta za mishipa yake mwenyewe, vibonge vya damu iliyoganda vinaziba mishipa midogo ya figo, platileti (chembe za kugandisha damu) zinashuka, na ndani ya siku chache mtu aliyekuwa mzima kabisa yuko kwenye dayalisisi. Zamani tiba ilikuwa kubadilisha plazma (maji ya damu), na kwa watu wazima zaidi ya nusu walikuwa wanafariki au figo zinakufa ndani ya mwaka. Mwaka 2011 ekulizumabu ikaidhinishwa kwa aHUS, inazuia C5, mojawapo ya hizo protini za komplimenti, dripu kila wiki 2, na hali ikabadilika kwelikweli.

Sasa wanaotaka dawa iachwe mtu akitulia wana hoja nzito. Dawa ni ghali sana, tena ukizuia C5 unampunguzia mtu kinga dhidi ya meningokoka, bakteria wa homa ya uti wa mgongo (meningitis), ndo maana lazima achanjwe na hata akichanjwa bado hatari ipo. Halafu si kila mtu ugonjwa unamrudia. Utafiti wa Ufaransa uliotoka 2021 ulifuatilia watu 55 walioachishwa, ukawarudia 13, yaani wengi walikaa salama bila dripu.

Ila angalia hao 13. Walirudishiwa dawa, 11 figo zikarudi zilipokuwa, 2 zikaharibika zaidi. Ukiwa daktari unaona matokeo mazuri, ukiwa mmoja wa wale 2 hizo takwimu hazikusaidii kitu.

Na kuna jambo halisemwi vya kutosha, homa. Anayetumia dawa akipata homa usiku anakimbizwa hospitali kwa kuhofia meningitis, aliyeacha naye akipata homa anakaa na hofu kwamba ndo ugonjwa umeamshwa, anapima mkojo kwa kile kijiti kuangalia damu na protini. Kwa hiyo kuacha hakumwondolei mtu wasiwasi, kunaubadilisha tu, na safari hii kazi ya kulinda figo inahamia kwake nyumbani.

Mimi naona asiyekutwa na kasoro ya jeni, ambaye figo imetulia kwa miezi kadhaa, ana haki ya kujaribu kuacha. Mwenye kasoro kwenye fakta H, hasa aliyepandikizwa figo, nisingemwachisha dawa. Na C3G, ugonjwa mwingine wa figo unaotokana na komplimenti, isichanganywe humu jamani, ile inakula figo polepole kwa miaka, dawa yake kama iptakopani imeidhinishwa Marekani 2025 tu, bado mapema kuongelea kuacha.

Lakini hata kwa yule wa kwanza, kabla ya kuandika "acha" kwenye faili hospitali ihakikishe dawa ikihitajika inapatikana siku hiyohiyo, sio baada ya wiki 3 za kusubiri bima ikubali, manake figo haisubiri, na kama hilo haliwezekani basi dripu iendelee.