Begi Hupangwa Ukirudi

Vifaa vya baiskeli na mazoezi havisahauliki asubuhi. Vinasahaulika jioni ya jana, pale mtu aliporudi amechoka, akaegemeza baiskeli ukutani, akaacha glavu juu ya friji, akapeleka chupa jikoni na kuchomeka taa kwenye soketi ya chumbani. Kinachotokea asubuhi ni kugundua tu, na mara nyingi anagundua akiwa ameshavuka Buhongwa, kusini mwa jiji letu la Mwanza.

Ndiyo maana sina imani na zile orodha ndefu za kwenye simu ambazo watu hutumiana. Orodha ya vitu thelathini inasomwa saa kumi na moja alfajiri, gizani, na mtu ambaye wenzake wameshampigia mara mbili kwamba wako Nyegezi wanamsubiri. Ataruka mistari. Akiona neno "pampu" atajibu kichwani "ipo", kwa sababu anakumbuka kuiona. Aliiona lini na wapi, hilo orodha haimuulizi.

Msimamo wangu: begi lipangwe unaporudi, kabla hujaoga, kabla hujakaa. Wakati huo vitu vyote bado viko mwilini mwako au juu ya baiskeli, na unajua kilichokatika, kilicholowa na kilichoisha. Tumia zipu kama alama. Zipu ikiwa wazi, kuna kitu hakijarudi. Ikifungwa, begi liko tayari. Toa bukta, fulana na soksi zenye jasho, na papo hapo ingiza safi. Kama seti safi haipo, zipu inabaki wazi na begi linatundikwa pale pale kwenye kamba ya nguo au karibu na soketi, lisiingie chumbani likijifanya limekamilika.

Kamba ya nguo, kwa kweli, inameza vifaa kuliko daladala. Mvua zikianza kuanzia Oktoba, glavu na soksi hazikauki kwa usiku mmoja, hivyo zinaachwa nje, zinaanuliwa na mtu mwingine, zinakunjwa na nguo za watoto. Soli za ndani za raba ndizo hasa. Mtu anafua raba vizuri, anazitoa soli zikauke juani, raba zinarudi mlangoni, soli zinabaki ukutani. Anafika uwanja wa Nyamagana kukimbia anakanyaga mishono. Dawa yake ni kuzifunga kwenye kamba za raba yake: pitisha kamba, funga fundo, zianikwe pamoja. Mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo una ugonjwa huo huo. Kile kidude chake huvuliwa kabla ya kufua mkanda, kinawekwa dirishani, na huko kinahamia. Kipachike tena kwenye mkanda upande mmoja tu mara unapokauka. Ukikibana pande zote mbili huku mkanda una unyevu, kinaweza kudhani kimevaliwa na kula betri.

Taa nayo inahitaji neno lake kwa watu wa huku. Mwanza iko magharibi kuliko Dar es Salaam, na jua letu huchelewa karibu nusu saa: kutegemea mwezi, huchomoza kati ya kama saa kumi na mbili na nusu na karibu saa moja asubuhi. Anayetoka saa kumi na mbili kamili anatoka gizani, mwaka mzima, akichangia barabara na malori na mabasi yanayowahi. Kwa hiyo taa ya nyuma isihesabiwe kama kitu cha ziada. Ichajiwe palipo baiskeli, hata kama ni kuvuta waya hadi sebuleni, kwa kuwa taa inayochajiwa chumbani ndiyo inayobaki chumbani. Na ikiingia begini, igeuze ili kitufe kisibanwe na viatu. Taa iliyowaka usiku kucha ndani ya begi ni sawa na taa iliyoachwa nyumbani.

Sasa vifaa vya kile kifurushi cha chini ya siti. Hivi visitoke kwenye baiskeli kabisa, na kama una baiskeli mbili, kila moja iwe na vyake. Kuhamisha kifurushi kutoka baiskeli hii kwenda ile ni njia ya uhakika ya kukikosa siku unayokihitaji. Vitu hivi ni vidogo na vingi ni vya bei rahisi: tyubu moja, leva mbili za kuvulia tairi, viraka na kipande cha msasa, gundi ambayo haijatobolewa, spana za pembe sita namba 4, 5 na 6 zenye bisibisi, kiungo kimoja cha cheni kinacholingana na idadi ya giya zako, na kipande cha tyubu ya dawa ya meno iliyokatwa na kuoshwa. Hicho cha mwisho ni cha kuweka ndani ya tairi lililochanika ubavuni ili tyubu isichungulie nje. Kwa baiskeli za Phoenix na ndugu zake ongeza spana namba 15 ya nati za magurudumu. Wenye giya za umeme za betri ya kuchomoa wanajua wenyewe ni kitu gani hubaki kwenye chaja.

Tyubu ya akiba ivalishwe soksi kuukuu na itengwe na vyuma. Ikikaa miezi ikisuguana na spana kwenye barabara ya makorongo, inatoboka ikiwa bado haijawahi kutumika, na utalijua hilo baada ya kuifunga na kuipuliza. Gundi nayo, ikishatobolewa, hukauka ndani ya tyubu yake hata ukiifunga kwa nguvu. Ibonyeze kila mwezi. Ikiwa tupu au ngumu, itupe.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana kuna kusahau kubaya kuliko kuacha kitu nyumbani: kubeba kisichofaa ukiamini unacho. Midomo ya tyubu haifanani. Kuna mnene wa aina ya gari na pikipiki, unaotaka tundu la milimita 8 kwenye ringi, na kuna mwembamba wenye kinati kidogo juu, wa baiskeli nyingi za mashindano, unaotaka tundu la milimita 6. Mnene haupiti kwenye tundu la mwembamba hata ufanyeje. Mwembamba unapita kwenye tundu la mnene, lakini unachezacheza na kujikata shinani, labda uuvalishe kipande cha mpira uzibe nafasi. Mtu anayenunua tyubu kwa kusema "nipe ya ishirini na nane" anacheza bahati nasibu. Tairi la Phoenix la 28 kwa 1½ linakaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za kisasa zinazoandikwa 28, au 700, au 29, ni ringi ya 622. Tairi hazibadilishani. Soma ubavuni mwa tairi ile namba yenye kistari, kama 40-635 au 25-622: ya kwanza ni upana, ya pili ni ringi. Iandike ndani ya kifuniko cha kifurushi kwa kalamu isiyofutika, pamoja na aina ya mdomo, ili hata anayekusaidia anunue sahihi.

Upepo ndio mtihani unaofuata. Ukielekea Usagara au Kisesa utaona kompresa za pembeni mwa barabara, na zimetengenezwa kwa magari na bodaboda. Mdomo mwembamba hazing'ati. Kinachotatua ni kiunganishi kidogo cha shaba, saizi ya punje ya harage. Kisiwekwe begini kitapotea. Kifunge juu ya mdomo wa gurudumu la mbele kiishi huko badala ya kifuniko. Siku ya siku: kifungue, legeza kile kinati cha juu, kibonyeze kitoe upepo kidogo ili kisigande, rudisha kiunganishi, kisha mwambie fundi apulize kwa mikupuo mifupi huku ukibonyeza tairi kwa dole gumba. Kompresa ya lori hujaza tairi jembamba kwa sekunde chache, na tairi ambalo halijakaa vizuri kwenye ringi hulipuka.

Pampu ya mkono ibanwe kwenye fremu. Najua pingamizi lililopo: baiskeli ikiachwa nje ya Soko Kuu ikiwa na pampu, taa na kifurushi, mwenyewe akirudi atakuta fremu. Ni kweli. Basi tofautisha: kinachofungwa kwa bolti kibaki, kinachochomoka kwa mkono kiingie mfukoni. Vya kuchomoa visizidi vitatu, la sivyo utarudi kwenye tatizo lile lile. Pampu ukiizungushia mpira wa keria, ule wa kukatwa kwenye tyubu chakavu, mara tatu na fundo, mwenye pupa ataiacha. Mwizi aliyetulia hatazuiwa na mpira.

Upande mwingine wa jambo hili ni vitu vinavyopotea njiani, na hivyo vina tabia moja. Vinapotea pale kazi inapoisha. Pancha imezibwa, tairi limejaa, umelipa, umepanda, leva zimebaki chini ya benchi la fundi. Watafiti Michael Byrne na Susan Bovair waliandika juu ya kosa la aina hii mwaka 1997: lengo likishafikiwa, hatua ndogo iliyobaki baada yake hudondoka kichwani. Mashine nyingi za kutolea pesa siku hizi hukurudishia kadi kwanza ndipo noti zitoke, kwa sababu watu walikuwa wanachukua pesa na kuiacha kadi ikining'inia.

Dawa ni hiyo hiyo: hatua ya kukusanya itangulie hatua ya kumaliza. Kwa fundi, usitoe hela kabla vitu havijarudi kwenye kifurushi. "Fundi, ngoja nihesabu vitu vyangu kwanza" hakuna fundi atakayeinunia, na wengi watakusaidia kuinama kutafuta. Jimu, usinywe ile chupa ya mwisho kabla glavu na kamba ya kuruka hazijaingia begini. Mgahawani, ambako kofia ngumu ya baiskeli huwekwa kwenye kiti cha pembeni na kufunikwa na meza, tumbukiza ufunguo wa nyumba ndani ya kofia. Hutafika mbali bila ufunguo. Mkanda wa kofia unaweza pia kuufunga kwenye fremu, ila hakikisha umepita ndani ya fremu, usiwe umening'inizwa tu kwenye usukani.

Ukipanda daladala au bodaboda na begi, jina la kwanza na namba ya simu viwe vimeandikwa ndani yake, na kwenye chupa chini ya kitako, ambako hakusuguliwi. Ukigundua umeacha kitu kwenye daladala, usiikimbize kwa bodaboda mjini kote. Nenda mwisho wa ruti yake: gari linarudi foleni, na makonda wa ruti moja wanajuana.

Wanaobeba baiskeli kwa gari wana janga lao: ekseli ya mbele. Gurudumu linatolewa ili baiskeli iingie, ekseli inawekwa juu ya bonneti au chini ukutani, gari linaondoka. Zamani ukienda Sengerema foleni ya pantoni pale Kigongo ilikupa muda wa kufungua buti na kukagua. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita zake tatu unazivuka kwa dakika chache, na kugundua kunatokea ng'ambo. Irudishe ekseli kwenye uma wake mara tu gurudumu linapotoka, uikaze kwa vidole. Kama breki ni za diski za mafuta, chomeka kipande cha boksi gumu katikati ya pedi. Mtoto akibonyeza breki gurudumu likiwa nje, pedi zinakutana na diski haitaingia mpaka uzitanue taratibu kwa kitu bapa.

Na ikishatokea umesahau? Glavu, endelea. Miwani, endelea, ila wale wadudu wa ziwa wakitanda kama wingu pwani ya Ilemela, funga mdomo na upunguze mwendo. Viatu vya kubana kwenye pedali: ikiwa pedali zako ni za aina ya milimani, raba ya soli ngumu itakufikisha taratibu; za mashindano, ambazo kiatu hukaa juu ya sehemu nyembamba yenye utelezi, rudi. Pampu na tyubu vyote viwili havipo, zungukia barabara ya uwanja wa ndege ambako mafundi hawako mbali na daladala zipo. Kofia haipo, baiskeli ilale. Kuna vilima vya Capri Point vya kupanda kwa miguu.

Chupa ikibaki jikoni, maji ya dukani ya nusu lita yatakuokoa, lakini chupa hiyo ni nyembamba kuliko kishikio na itaruka kwenye tuta la kwanza. Izungushie mpira wa keria mara mbili kiunoni ibane. Kwa jua la saa nne na kuendelea, nusu lita hiyo ni ya kama saa moja. Nunua nyingine kabla hujafika Kisesa.