Dagaa waliwe na watu kwanza

Kuna mkufunzi wa ufugaji aliyenikasirisha, na hasira haijaisha. Alisimama mbele ya akina mama wa kikundi, mwaloni kabisa, pale samaki wa Ziwa Victoria wanaposhushwa, dagaa wameanikwa hatua chache kutoka alipokuwa, akawaambia waache kuwapikia watoto dagaa. Wawasage, wachanganye na pumba, wafuge kuku, halafu watoto wale nyama "yenye hadhi". Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akauliza watoto watakula nini wakati vifaranga vinakua. Swali lake likapita bila jibu.

Nalijibu mimi, na inabidi nianzie kwenye jua.

Karibu chakula chote cha Ziwa Victoria kinaanzia kwenye mwani, vile vimea vidogo vya kijani vinavyoyapa maji rangi yake. Mwani unanasa sehemu ndogo sana ya mwanga wa jua na kuugeuza kuwa chakula. Vijidudu vya majini vinakula mwani. Dagaa anakula vijidudu. Sangara anakula dagaa, na sangara mkubwa anakula hata watoto wa sangara wenzake. Shuleni tulichorewa mishale: nyasi, panzi, chura, nyoka, tai. Mishale yote ilikuwa na unene mmoja, na hapo ndipo tulipopotoshwa. Kila mshale ulitakiwa uwe mwembamba mara kumi kuliko uliotangulia.

Mwaka 1942 ilichapishwa kazi ya kijana wa Kimarekani, Raymond Lindeman, aliyehangaika na kiziwa kidogo cha Minnesota kiitwacho Cedar Bog akipima nani anakula nani na kiasi gani kinabaki. Alifariki kabla haijatoka, hajafikisha hata miaka 27. Waliomfuata wakaifanya kuwa hesabu inayokaririwa mpaka leo: kutoka ngazi moja ya ulaji kwenda nyingine, inavuka takribani asilimia 10 tu ya nishati. Mahali pengine ni 5, pengine 20, lakini sehemu kubwa daima inapotea. Haiibwi na mtu. Mnyama anaitumia kuogelea, kukimbia, kupumua, kutafuta mwenza, na mwisho wake inakuwa joto linalotawanyika majini na hewani. Mbolea ya kinyesi na mizoga hurudi ziwani ikatumika tena. Joto halirudi.

Fikiria unatuma laki moja kijijini, na kila wakala inapopitia anakata elfu tisini katika kila laki. Mwani ukiwa na laki, vijidudu vinapata elfu kumi, dagaa elfu moja, sangara mia. Anayekula dagaa anachukua mzigo akiwa karibu na chanzo. Anayengoja sangara anapokea kilichosalia.

Sasa mweke kuku. Ingia kwenye banda la kuku wa nyama usiku wa baridi ujionee. Hewa ni ya moto kabla hujawasha taa. Ukimshika mmoja kifuani unaungua vidole kidogo, maana mwili wake una nyuzi joto 41 au karibu na hapo, usiku na mchana, awe amelala au anakula. Joto lile unalolisikia mkononi ni pumba, mahindi na dagaa wako vinavyoondoka. Mfugaji atakwambia kuku wa kisasa anahitaji kama kilo mbili tu za chakula kuongeza kilo moja ya uzito. Ni kweli. Ila kilo mbili zile ni za chakula kikavu, na kilo moja ile zaidi ya nusu yake ni maji, kisha kuna manyoya, mifupa na utumbo. Dagaa mkavu hana cha kutupa. Unamla na kichwa chake, mfupa wake, jicho lake, na ndiyo maana madini ya chokaa na chuma unayapata yote. Ukimpitisha kwanza kwa kuku umelipa kodi nzito ya nishati ili upate kitu ambacho tayari ulikuwa nacho mkononi.

Ziwa hili limekwisha kuonywa juu ya jambo hilihili. Wakati wa ukoloni kulikuwa na maofisa walioona furu ni visamaki vya hovyo, vidogo, vyenye miba, visivyo na soko. Wakasema aletwe samaki mkubwa awale, ageuze takataka kuwa mnofu. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki, Geoffrey Fryer, aliandika kulipinga wazo hilo, na hoja yake kubwa ilikuwa ya nishati: ukiongeza mla nyama juu ya mnyororo wa ulaji, unapoteza chakula kingi kupata kidogo. Alikuwa amechelewa. Sangara walishaingizwa ziwani katika miaka ya 1950. Ilipofika miaka ya 1980 wakalipuka, na furu, waliokuwa aina zaidi ya 500, wakaanguka. Mamia ya aina hayajaonekana tena. Kulikuwa na furu wa kula mwani, furu wa kuvunja konokono, furu wa kula matope ya chini, kila mmoja akishika kipande chake cha nishati. Kupotea kwao kunaniuma kuliko jambo lolote lililowahi kutokea katika ziwa hili.

Wapo watakaoniambia kwamba baada ya sangara tani za samaki ziliongezeka. Ziliongezeka, sikatai. Lakini tazama sababu. Furu walipokwisha, sangara wakahamia kwa uduvi wanaokula mabaki ya chini, mnyororo ukafupika. Maji nayo yakarutubika kwa mbolea na uchafu kutoka mashambani na mijini, mwani ukashamiri. Na dagaa wakaongezeka sana. Leo zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa Ziwa Victoria ni dagaa hawahawa. Minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi Mwanza tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki. Kilichobaki kulisha watu wa kawaida, kutoka Ukerewe mpaka Kongo, ni dagaa, samaki anayezaa upesi na kuishi karibu na chini ya ngazi, ndiyo maana ziwa linaweza kumtoa kwa wingi hivyo kila giza la mwezi.

Kuhusu mayai sibishani sana. Kuku wa kienyeji anayejitafutia panzi na makombo uani analeta nishati ambayo sisi tusingeila, na mwacheni aendelee. Pumba nayo si chakula chetu. Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba dagaa waliolowa na mvua wakaoza, au waliojaa mchanga, hawafai kwa mtoto.

Ila hapo kwenye mchanga ndipo pa kusimama. Nenda Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, uangalie magunia. Dagaa safi waliokaushwa kwenye vichanja wanang'aa kama walivyotoka majini, ukiwavunja wanalia. Wa kuanikwa chini wamepauka, ukiutia mkono ndani ya gunia unatoka na vumbi. Samaki walewale, usiku uleule, karabai ileile. Tofauti ni mbao chache na wavu vilivyokosekana. Mnunuzi wa chakula cha mifugo hajali mchanga, ananunua gunia zima, kwa hiyo mwanikaji hana sababu ya kutafuta kichanja. Halafu tunaambiwa hao ni dagaa wa kuku kwa asili yao.

Kuku wana vyakula vingine vya protini. Mashudu ya alizeti yapo Singida na Dodoma, soya inalimwa Ruvuma, na wafugaji kadhaa siku hizi wanazalisha funza wa nzi kwenye mabaki ya jikoni na sokoni, nishati ambayo ingeozea dampo. Huko ndiko mkufunzi angewapeleka wale akina mama.

Halmashauri zinazokusanya ushuru mialoni zijenge vichanja kwa ushuru huohuo, na dagaa safi wawe na bei yao inayojulikana, tofauti na ya mchanga. Na zile mashine tulizotaka zisage dagaa kwa ajili ya mabanda, zisafishwe zisage dagaa wa kichanja kuwa unga, uingie kwenye uji wa watoto wa shule za msingi za kandokando ya ziwa, kuanzia zile ambazo mtoto anaona mitumbwi akiwa darasani na bado anakunywa uji mtupu.