Washikadau gani hao?

Kuna makala inayosema kampuni za tumbaku zisikilizwe kama washikadau wengine kwenye mswada wa hapa Kenya wa kudhibiti vipakiti vya nikotini, vile vifuko vidogo vinavyowekwa mdomoni, kati ya mdomo na ufizi. Jamani, tumesahau mara hii? Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipita 2007. Kanuni zake zilipotoka 2014, kampuni ya sigara ya BAT ikakimbilia mahakamani. Ikashindwa Mahakama Kuu, ikashindwa Rufaa, na Novemba 2019 Mahakama ya Juu nayo ikaitupilia mbali kesi. Hiyo ni miaka ya kuvuta muda, na biashara inaendelea. Walikuwa wanapinga, pamoja na mengine, kutozwa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwa ajili ya hazina ya kudhibiti tumbaku, na masharti kuhusu namna wanavyokutana na maafisa wa serikali. Hilo la pili ndilo linanichekesha. Kama mazungumzo ni safi, mbona muogope?

Na vipakiti vyenyewe viliingiaje nchini? Mwaka 2019 Lyft, vipakiti vya BAT hao hao, ilisajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, eti kama dawa! Mwaka uliofuata Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, akasema usajili huo haukufuata sheria. Wakati huo vijana washaizoea.

Mtaani kwetu sigara bado inauzwa moja moja, kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi kwenye dirisha la kibanda, ilhali sheria ilikataza zamani. Nawauliza wabunge tu: mkialikwa hotelini kwa semina ya mswada huu, bili analipa nani?