Mama Juma ana jina lake

Mwezi uliopita nilikuwa namtumia mweka hazina wa kikoba chetu hisa zangu kwa simu. Nikaingiza namba, nikaandika kiasi, na kabla sijaweka namba ya siri likatokea jina la mpokeaji. Majina matatu, hata moja sikulijua. Nikaghairi haraka, nikadhani nimekosea tarakimu, nikampigia.

"Mama Neema, ni mimi huyo," akanijibu. "Tuma tu."

Tumeishi mtaa mmoja miaka 11. Nilipotoka leba yeye ndiye aliyeninywesha uji. Alipofiwa na mumewe nililala kwake hadi tanga lilipoondoka. Kwangu ni Mama Juma, basi. Laini aliyoisajili kwa alama za vidole, wakati ule wa foleni za 2020, inamjua kuliko mimi. Nilipofungua orodha ya namba zangu nikaona Mama Pili, Mama Juma na Mama Abdul wawili.

Mama yangu hakupenda niliposema kwamba jambo hili linaniuma. Kwake jina la mtoto ni cheo alichokitolea jasho. Alikaa ukweni miaka minne bila kushika mimba, akiitwa "huyo mke wa fulani", na siku kaka alipozaliwa ndipo mawifi walipoanza kumwamkia vizuri. Namwelewa kabisa, na siwezi kumnyang'anya heshima hiyo.

Lakini cheo hicho kina mlango mmoja tu. Mama yangu mdogo hakujaliwa mtoto. Kwa cherehani yake amesomesha watoto wanne wa ndugu zake, na bado kwenye vikao vya ukoo, akiwa na miaka 58, anatajwa kama "yule mdogo wake Mama Fulani". Nimekaa kwenye vikao hivyo nikimwona anatazama mkeka.

Mtu ataniambia wanaume nao huitwa Baba Juma. Kweli, hapo nyumbani. Akivuka kizingiti ana jina lake kazini, msikitini au kanisani, na mara nyingi ndilo lililo kwenye hati ya kiwanja. Sheria ya Ndoa ya 1971 imempa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali, kuingia mikataba na kushtaki. Haki hizo hazidaiwi na "Mama Juma". Zinadaiwa na mwenye yale majina matatu.

Wala sisemi tuwaite wakubwa majina makavu kama watoto wa shule. Watu wa Pwani wana neno zuri: Bi. Heshima ipo, na jina lipo. Bibi Titi Mohamed alikuwa na binti, lakini alipokuwa akiwaita wanawake waingie TANU miaka ya 1950 alijulikana kwa jina lake na la baba yake. Ndilo jina lililobaki kwenye barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam.

Jumamosi, kwenye kikoba, nilimwita Bi na jina lake la kwanza. Aligeuka nyuma kwanza, kutazama nani anaitwa. Kisha akaziweka chini zile noti alizokuwa anahesabu.

"Wa mwisho kuniita hivyo alikuwa baba," akasema. "Na wewe, kwani unaitwa nani?"