PHP mpya, ukurasa uleule mzito

Toleo jipya la lugha ya programu likitoka, watengenezaji wa tovuti hugawanyika kambi mbili. Wa kwanza husema tuhame upesi, kasi inakuja bure. Wa pili husema lugha haijawahi kuwa tatizo, tatizo ni hifadhidata. Historia ya PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi upande wa seva, inazipa kambi zote mbili ushahidi.

Tuanze na wanaotaka kuhama. PHP 7 ilipotoka Desemba 2015, tovuti nyingi zilizokuwa kwenye toleo la 5.6 zilikaribia kuhudumia maombi mara mbili zaidi kwa seva ileile. Kasi hiyo haikutokana na amri mpya za kuandika. Akina Dmitry Stogov, Xinchen Hui na Nikita Popov walishuka hadi kwenye misingi, yaani namna lugha inavyotunza thamani kwenye kumbukumbu. Kibebeo cha thamani moja kilipungua kutoka baiti 24 hadi 16. Nafasi ya kila kipengele ndani ya orodha ilishuka kutoka baiti 72 hadi 32, na thamani zikawekwa humohumo kwenye orodha badala ya kutawanywa huku na huko. Kichakataji kinachosoma vitu vilivyopangwa pamoja hakipotezi muda kukimbizana na anwani. Kwa hiyo anayedai kwamba lugha haichangii kitu anakosea, tena anakosea sana.

Miaka mitano baadaye, Novemba 2020, ikaja PHP 8 na JIT, mbinu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine huku programu ikiendelea kufanya kazi. Wengi walingoja maajabu ya pili. Lakini tangazo la toleo lenyewe lilikuwa la kweli: kwenye majaribio ya kasi tupu, karibu mara tatu, kwenye baadhi ya programu maalumu zinazofanya kazi kwa muda mrefu, mara 1.5 hadi 2. Kwenye programu za kawaida, sawa na toleo lililotangulia, 7.4. JIT hunufaisha penye hesabu nyingi, na ukurasa wa kawaida haupigi hesabu nyingi. Unasubiri.

Chukua mfumo wa ada za shule. Ukurasa mmoja unaonyesha wanafunzi 200 na salio la kila mmoja. Aliyeuandika ameiuliza hifadhidata orodha mara moja, kisha ndani ya kitanzi, yaani sehemu ya msimbo inayojirudia, akauliza salio la mwanafunzi mmoja mmoja. Jumla ni maswali 201. Tuseme kila swali linachukua milisekunde 5: hiyo ni sekunde nzima ya kusubiri, wakati kazi ya PHP yenyewe labda ni milisekunde 40. Toleo jipya likizikata hizo 40 kuwa 20, mhasibu aliye mbele ya skrini hataona tofauti yoyote. Maswali yakipunguzwa yakawa mawili, atainua kichwa na kuuliza mmefanya nini.

Kuna pia vipengele ambavyo toleo jipya haliviwashi kwa niaba yako. Amri ya yield imekuwepo tangu PHP 5.5 mwaka 2013. Inakuwezesha kusoma faili lenye mistari milioni moja ukishika mstari mmoja kwa wakati, badala ya kulijaza lote kwenye kumbukumbu. Hata leo mtu anaweza kuhamia toleo la karibuni kabisa, akapakia faili zima kwa mkupuo, kisha akalalamika kwamba seva ni ndogo.

Na kuhama kuna gharama. PHP 7 iliondoa familia ya mysql_connect, yaani amri za zamani za kuunganisha programu na hifadhidata ya MySQL, na mifumo mingi ya zamani iliitegemea hiyo. Katika PHP 8, kulinganisha 0 na neno kama "abc" kwa alama mbili za usawa kuligeuka kutoka kweli kuwa si kweli. Kosa la namna hiyo halipigi kelele. Linapitisha malipo yasiyostahili kimyakimya.

Hata hivyo mimi ningehama, kwa sababu 5.6 iliacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa 2018, na mfumo wenye taarifa za fedha za wazazi haustahili kuachwa hapo. Ila kabla ya kuahidi kasi kwa mkuu wa shule, ningewasha rekodi ya maswali ya polepole kwenye hifadhidata, niiache wiki moja ya malipo ya ada, kisha nikae na yale kumi ya juu.