Tatuu Kubwa: Bei ya Saa Haikuambii Gharama ya Kazi

Mtu akitaka tatuu ya kufunika mkono mzima, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko cha mkono na kushuka chini, huuliza kwanza saa moja ni bei gani. Akishajibiwa anazidisha kwa saa anazodhani zitatosha, anaondoka akiamini bajeti imekamilika. Baadaye akiba inakwisha mchoro ukiwa nusu, na lawama zinaanza.

Mchoraji ana hoja nzito ya kutoza kwa saa. Wino unatakiwa utue kwenye dermisi, yaani tabaka la ndani la ngozi, takribani milimita moja hadi mbili chini ya uso wa ngozi. Ukiishia juu, hupotea ngozi inapojibadilisha. Ukizama mno, husambaa na mstari ukapoteza makali yake. Tazama kazi inavyofanyika kwenye kiwiko: ngozi ni legelege na mfupa uko karibu, kwa hiyo mkono mmoja unaivuta ikaze huku mwingine ukiongoza mashine, na kila baada ya mistari michache anafuta wino na damu ili aone alipofika. Sehemu isiyozidi kiganja inaweza kula muda mwingi kuliko eneo kubwa zaidi la paja. Ndiyo maana mkono mzima unaweza kuchukua saa 15, au ukapita 30, kutegemea rangi, vivuli na uvumilivu wa mteja. Mgongo huenda mbali zaidi.

Na hizo ni saa za sindano tu. Mchoro uliobuniwa kwa ajili ya mtu mmoja huchorwa na kurekebishwa kabla hajafika, na mara nyingi muda huo hauonekani kwenye hesabu. Kuna sindano za kutumika mara moja, glovu, kodi ya chumba. Masharti ya wino nayo yameongezeka: tangu Januari 2022, Umoja wa Ulaya unadhibiti maelfu ya kemikali kwenye wino wa tatuu, na wachoraji wa huko walilazimika kubadili wino waliouzoea.

Lakini malipo ya saa yanamtwika mteja hatari yote. Mchoraji anayefanya kazi polepole analipwa zaidi ya anayefanya haraka kwa kazi ileile. Muda wa kubandika stensili, karatasi inayohamishia mchoro kwenye ngozi, au wa mchoraji kupokea simu unahesabiwa? Wengi hawaulizi. Kubwa zaidi, kazi hugawanywa katika awamu zinazopishana wiki kadhaa ili ngozi ipone, na baada ya awamu ya kwanza mteja hana tena nguvu ya kujadiliana. Mistari iko mwilini mwake tayari, na si kila mchoraji atakubali kumalizia kazi ya mwenzake. Hili naliona zito kuliko bei yenyewe.

Kwa hiyo nasimama na mchoraji kwenye bei, lakini kwenye ukimya wake kuhusu jumla ya saa niko na mteja. Mchoraji aliyezoea kazi anaweza kukadiria saa za chini kabisa na za juu kabisa, akakubali ukomo. Hayo yaandikwe kabla ya amana kulipwa, pamoja na kama amana itakatwa kwenye malipo ya mwisho na kama marekebisho baada ya kupona ni bure.

Mteja naye asikimbilie kuomba apunguziwe bei ya saa. Mchoraji aliyebanwa ataharakisha, na kazi mbovu hufunikwa kwa mchoro mkubwa na mzito zaidi, au hufutwa kwa leza, awamu baada ya awamu, kwa gharama inayoweza kuzidi ya tatuu yenyewe. Afadhali apunguze mchoro: bega lipangwe liwe kazi kamili kwa sasa, mkono wa chini usubiri pesa.

Na kabla ya kulinganisha bei za wachoraji wawili, aombe picha za kazi zilizokwisha kupona. Tatuu mbichi karibu zote hung'aa; mistari iliyosambaa na rangi zilizotoka madoadoa huonekana baadaye.